Antananarivo: Kilima cha Malkia na Imani ya Akina Mama

Msafiri anayeingia Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, huona kwanza vilima. Mji huu uko juu, mita zipatazo 1,300 kutoka usawa wa bahari. Nyumba nyembamba za matofali mekundu zimepandana kwenye miinuko, na chini bondeni yametandaa mashamba ya mpunga. Juu ya kilima kirefu kuliko vyote imesimama Rova, makao ya wafalme na malkia wa zamani.

Mama mpendwa, tupande pamoja kilima hicho. Njiani tutakutana na swali ambalo mara nyingi tunaulizana baada ya ibada: Je, imani yetu yahitaji mkono wa serikali ili isimame?

Mlango wafunguliwa, kisha wafungwa

Mwaka 1818 wamisionari wawili kutoka Wales, David Jones na Thomas Bevan, walifika pwani ya mashariki ya kisiwa hiki, na baadaye wakaleta wake zao na watoto. Muda si mrefu homa iliwaua wote, akabaki Jones tu. Mwaka 1820 alipanda hadi Antananarivo, na Mfalme Radama I akamkaribisha. Mfalme mwenyewe hakubatizwa. Alichotaka ni shule na mafundi. Hata hivyo, kibali chake kilisaidia. Watoto walijifunza kusoma, na Biblia ikaanza kutafsiriwa kwa Kimalagasi.

Radama alifariki mwaka 1828, na mjane wake, Ranavalona I, akashika kiti. Yeye aliona kwamba watu wanaoacha desturi za wazee wataacha pia kumtii mtawala. Mwaka 1835 alipiga marufuku Ukristo kwa raia zake. Wamisionari walikazana kumaliza kuchapa Biblia, wakafukia baadhi ya nakala ardhini, na mwaka 1836 wa mwisho wao wakaondoka.

Hebu fikiri. Hakuna mchungaji kutoka nje, hakuna jengo, hakuna mfadhili, na mtawala ni adui. Nani angesema kanisa hilo litaishi?

Rasalama

Ukifuata barabara ya mgongo wa kilima kuelekea kusini, utafika Ambohipotsy. Hapo pana kanisa la mawe lenye mnara mrefu, na kutoka uwanjani unaona mabonde mpaka mbali. Hapa ndipo alipoletwa Rasalama tarehe 14 Agosti 1837. Alikuwa mwanamke kijana, Mkristo wa kwanza kuuawa katika nchi hii kwa ajili ya imani yake. Alikuja akiimba nyimbo za kumsifu Mungu. Alipiga magoti kuomba, na akiwa bado magotini akachomwa mikuki.

Karibu na Rova liko genge la Ampamarinana. Mwezi wa Machi 1849 Wakristo 14 walitupwa kutoka juu yake, na wengine 4 wa ukoo wa kikabaila wakachomwa moto Faravohitra, upande wa kaskazini.

Walionusurika walikutana usiku majumbani na mapangoni. Akina mama walificha kurasa za Biblia na kuwafundisha watoto kwa sauti ya chini. Malkia alipofariki mwaka 1861, Wakristo walikuwa wengi kuliko siku alipowapiga marufuku.

Malkia alipobatizwa

Sasa tugeuke tutazame Rova yenyewe. Ndani ya ua wake lipo kanisa la mawe, lililojengwa kwa ajili ya Ranavalona II. Yeye na waziri mkuu wake, Rainilaiarivony, walibatizwa mwezi wa Februari 1869, na mwaka huohuo hirizi za kifalme zikateketezwa. Watu walimiminika makanisani kwa maelfu.

Ilikuwa furaha, lakini furaha yenye mchanganyiko. Wengi walikuja kwa sababu malkia amekuja. Baadaye shule na makanisa yakawa njia ya serikali ya kupata watu wa jeshi na wa kazi za lazima zisizo na malipo. Mama maskini aliyeona mwanawe anachukuliwa, angeliionaje nyumba ya ibada?

Wafaransa waliuteka mji mwaka 1895. Maasi ya Menalamba yakazuka, na waasi wakachoma makanisa mengi, kwa kuwa machoni pao kanisa na serikali vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1897 malkia wa mwisho, Ranavalona III, alipelekwa uhamishoni. Ufalme ukaisha. Kanisa halikuisha. Na moto ulipoiteketeza Rova mwezi wa Novemba 1995, Jumapili iliyofuata watu wa Antananarivo waliendelea na ibada zao.

Nasi je?

Hatusemi kwamba serikali ni adui. Biblia inatuagiza kuwaombea wenye mamlaka ili tuishi kwa utulivu, na shule za Radama zilikuwa baraka. Lakini amani ya kuabudu ni kitu kimoja, na kuegemea kiti cha mtawala ni kitu kingine. Tunapomkaribisha mheshimiwa kuwa mgeni rasmi katika harambee ya kanisa, na tumkaribishe kwa heshima. Ila tujiulize: mwaka kesho, bahasha yake isipokuja, tutaendelea kuomba? Na akikosea, tutakuwa na ujasiri wa kumwambia?

Watoto wetu hawataipokea imani kutoka ikulu. Wengi wao wataipokea mezani baada ya chakula cha jioni, na kitandani kabla taa haijazimwa.

Ya kuzungumza katika kikundi cha akina mama
1. Kanisa letu likikosa jengo na mchungaji kwa miaka 25, watoto wetu wangekuwa wamejua nini kwa moyo?
2. Ni msaada gani wa wakubwa tunaoweza kupokea bila kufungwa midomo?
3. Soma Zaburi ya 146, kisha waombeeni viongozi wa nchi kwa majina.