Jioni Moja Buyenzi

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, na jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, watu hujaa barazani. Hapo ndipo mashoga wawili walipoketi jioni moja, mbele ya sahani ya mukeke wa kuchoma na ndizi, wakicheza mchezo wao wa siku nyingi: kukisia habari za wapitao.

“Yule mwenye kanzu mpya?”

“Katoka kuposa, akakataliwa. Tazama anavyoburura makubazi!”

Wakacheka hata muuza samaki naye akacheka. Mzaha wa namna hiyo haumdhuru mtu, maadamu mwenyewe hasikii.

Akapita kijana aliyejitwika godoro. “Huyo anahamia Gitega,” akasema yule mdogo wao.

Mwenziwe hakujibu. Tangu Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, baadhi ya ofisi zimehamia huko, na barua ya uhamisho wa mumewe ilikuwa imefika juzi. Ni mwendo wa kilomita 100 hivi, kwenye baridi ya milimani.

“Shoga, mbona kimya?”

“Godoro lenyewe dogo,” akasema. “Labda anahama peke yake.”