Ngumu si Nguvu

Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi baiskeli ni kinga, neno tunaloshirikiana na Wabemba, na breki ni fre, neno tulilolichukua katika Kifaransa. Makala nayo ni makaa ya kupikia, si maandishi kama haya. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam akisikia kwamba makala huingia mjini kwa kinga, huenda akafikiri tunazungumzia usambazaji wa majarida. Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kucheka tofauti hizo. Lakini kuna tofauti moja ya maneno niliyokutana nayo kwa baba yangu mdogo, fundi wa kinga huku Kampemba, ambayo haikunichekesha.

Baba mdogo hufanya kazi kando ya barabara, chini ya mti, akiwa na pampu, nyundo, spana chache na beseni la maji la kutafutia tundu la tairi. Siku ambazo masomo huanza mchana, hukaa naye asubuhi. Wateja wake wengi ni wachukuzi wa makala. Hutoka vijijini usiku, magunia yamefungwa nyuma ya kinga hadi kupita kichwa cha mwenyewe, na mahali pengi huisukuma kwa miguu badala ya kuipanda. Kazi ngumu zaidi ni kuteremka mlima. Mzigo ukifanya uzito wote uwe mara mbili, nguvu ya kuisimamisha kinga katika umbali uleule lazima iwe mara mbili pia. Mwendo nao ukiongezeka mara mbili, inatakiwa nguvu mara nne. Hesabu hiyo mchukuzi huifanya kwa mwili wake.

Zamani kinga ilikuwa kitu kimoja. Zile nyeusi za kutoka India na China zilikuwa na fre za vyuma: ukibana mkono, fito ngumu huinua raba zikagusa rimu upande wa ndani. Kila sehemu ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mwenzake. Siku hizi kinga ya mchukuzi ni mchanganyiko: uma wa mbele umetoka katika baiskeli ya mitumba ya Ulaya, gurudumu la nyuma ni la Kichina, mkono wa fre umenunuliwa peke yake sokoni. Vyote vinafungika, maana waya ni waya na boliti ni boliti. Shida ni kwamba kufungika si kupatana.

Mkono wa fre ni wenzo. Kinachotofautisha mkono mmoja na mwingine ni umbali kati ya msumari unaouzungukia na mahali kichwa cha waya kinapokaa. Katika mikono ya zamani umbali huo ni kama sentimita 2 na kidogo: huvuta waya mfupi kwa nguvu nyingi. Umetengenezewa fre za koleo, zile zinazobana rimu kutoka juu kama koleo la fundi, na fre za kantileva. Lakini mwaka 1996 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta fre ya V, yenye mikono miwili mirefu iliyosimama pande mbili za gurudumu. Kwa kuwa mikono hiyo ni mirefu, yenyewe huongeza nguvu, ila hudai waya uvutwe takriban mara mbili. Ndiyo maana mkono wake una umbali wa zaidi ya sentimita 3: huvuta waya mrefu kwa nguvu ndogo.

Ukiwafunga wasiopatana, makosa huwa mawili. Mkono wa zamani kwenye fre ya V huwa laini, hufika karibu na usukani kabla raba hazijabana vizuri, na zikibana hukamata ghafla. Mkono wa V kwenye fre ya koleo hufanya kinyume: raba hugusa rimu mapema, mkono hukataa kusogea, vidole vinahisi chuma kigumu, lakini rimu haibanwi kwa kutosha.

Asubuhi moja mchukuzi alileta kinga yenye makosa yote mawili. Mbele alikuwa na fre ya V iliyofungwa kwenye mkono wa zamani, nyuma fre ya koleo kwenye mkono mpya wa V. Alilalamikia ya mbele tu. Ya nyuma aliisifu: "Baba, hii ya nyuma iko nguvu. Nikaze tu ya mbele."

Baba mdogo alibana mkono wa nyuma, akamwambia aisukume kinga na magunia yake. Gurudumu likaendelea kuzunguka, raba zikisugua. "Hii haiko nguvu," akasema. "Hii iko ngumu."

Mchukuzi hakuwa na pesa ya mkono mwingine, wala hakuuhitaji. Baba mdogo alichomoa vichwa vya waya, akavibadilisha: mkono mpya ukavuta fre ya mbele, wa zamani ukavuta ya nyuma. Akaweka raba upya na kukaza. Mwenye kinga hakufurahi. Fre yake aliyoisifu sasa ilikuwa laini kidogo mkononi, na alidhani ameharibiwa kitu. Ilibidi asukume tena, abane, aone gurudumu linasimama. Kisha akaambiwa ashushe mzigo, apande na kushuka barabarani mara kadhaa, maana mkono wa kulia ulikuwa umezoea kusimamisha nyuma na sasa unasimamisha mbele. Alitii huku akinung'unika. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, katikati ya mvua, na raba juu ya rimu ya chuma iliyolowa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake.

Nyumbani kwetu nguvu hubeba maana zote mbili: kazi iko nguvu, ugali uko nguvu, mtu ana nguvu. Kiswahili sanifu hutenganisha kwa konsonanti moja tu, ngumu na nguvu. Darasani ningetaja jozi hiyo kama mfano wa fonolojia na kuendelea. Sisemi kwamba Kiswahili chetu kina upungufu. Baba mdogo ni mtu wa Lubumbashi kama mimi, na alipohitaji kutenganisha maneno hayo aliyatenganisha bila kamusi. Ninachosema ni kwamba mchukuzi alikuwa na hisia moja ya vidole na neno moja la kuitaja, na vyote viwili vilimhakikishia usalama ambao haukuwepo.

Kwa hiyo, msomaji mwenye kinga, usiipime fre yako kwa kubana mkono ukiwa umesimama. Isukume mbele huku umebana, kila gurudumu kwa zamu yake. Kama mkono ni mgumu na gurudumu bado linazunguka, tazama fre yako ni ya koleo au ya V, halafu umuulize fundi mkono ulioko juu ulitengenezewa ipi.