Mawe ya Njia ya Chwaka

Njia ya Chwaka ya utoto wangu, kisiwani Unguja miaka ya 1960, ilikuwa nyembamba. Gari mbili za shamba zikikutana, kila moja ilitelemka pembeni mpaka majani yakawachapa miguu abiria waliokaa ukingoni. Ilitoka Darajani, ikapita Welezo na Mwera, ikashika Koani na Dunga. Mbele ya hapo udongo mwekundu ulikoma, minazi na mikarafuu ikabaki nyuma, tukaingia uwandani kwenye mawe na vichaka mpaka pwani ya mashariki. Na kando ya njia, kila maili moja, palisimama jiwe.

Halikuwa jiwe kubwa. Lilimfika mtoto kifuani, limepakwa chokaa, tarakimu zake zimechongwa na kutiwa rangi nyeusi. Masika yakishakwisha, vibarua wa barabara walipita na mapanga na ndoo, wakafyeka majani, wakalisugua ukoga, wakalipaka upya. Sisi watoto tuliwafuata jiwe hadi jiwe kwa kupenda harufu ya chokaa mbichi, na kwa kuwa msimamizi wao alituachia tushike brashi kwenye jiwe la karibu na kwetu. Ndiyo maana mpaka leo nasema "jiwe letu".

Maili ni yadi 1,760, kilomita moja na sehemu sita hivi. Mtu mzima asiye na mzigo huimaliza kwa dakika kama 20. Asili yake ni Warumi, waliohesabu hatua 1,000 za askari, kila hatua miguu yote miwili. Hayo niliyasoma ukubwani. Nyumbani maili ilipimwa kwa tasbihi ya Bibi. Akiondoka kwenda kumjulia hali dada yake Mwera, alianza uradi jiweni na kuumaliza jiwe la pili, na kama hakuumaliza alisimama pale pale, kanga imemfunika bega, mpaka akaumaliza. Alisoma Kurani na barua za herufi za Kiarabu. Tarakimu za Kizungu alizijua kwa maumbo tu. Hakuzihitaji sana, maana kila jiwe alikuwa amelipa jina: jiwe la mzambarau, jiwe la kisima, jiwe la kwa fundi baskeli.

Majina hayo ndiyo yaliyokuwa anuani zetu. Abiria hakusema ashushwe maili ya ngapi. Alisema, "Utingo, nishushe mzambarauni," na utingo akapiga bodi la gari kwa kiganja. Asubuhi akina mama walipanga mafungu ya embe, muhogo na mashelisheli kulizunguka jiwe, wakingoja gari za mjini. Mtu akifariki, kijana alitumwa kwa baskeli; alisimama kila jiwe, akatoa salamu, akataja jina la marehemu na saa ya maziko. Watu wa bondeni na wa kilimani walijua kwamba sauti ikisikika jiweni wakati usio wa gari, ni habari ya kusikilizwa. Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha babu yangu mzaa mama, nikiwa juu ya mkorosho.

Ukubwani nimeyafikiria sana mawe yale, na naona yalifanya jambo moja kubwa ambalo hatukulitambua. Yaligeuza kitovu cha kisiwa. Dunga palikuwa na kasri la Mwinyi Mkuu, lililojengwa katikati ya karne ya 19 na Muhammad bin Ahmed, aliyefariki 1865. Watu wengi wa Unguja walimtambua yeye kuwa mkubwa wao, hata baada ya Masultani wa Kiomani kukaa mjini. Siwa na ngoma zake ziliishia makumbusho, na kasri likabaki magofu kando ya njia ile ile tuliyopita kwenda Chwaka. Mtu wa zama zake angeuliza kijiji fulani kiko mbali gani na Dunga. Sisi, wajukuu wa watu hao hao, tulikua tukisoma kwenye jiwe la Dunga kwamba mahali hapo ni maili kadhaa kutoka sokoni mjini. Jiwe halikuandikwa neno lolote juu ya aliyekaa pale.

Mama wa mawe yote alikuwa Darajani, na bado yupo. Ni nguzo ya pande nane, na marumaru yake yalitolewa kwenye kasri la Chukwani, alilojenga Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Barabara iliyopita hapo ilifuata hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, hori ambalo lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na daraja lake likabaki katika jina la mtaa. Soko kuu, lililofunguliwa 1904, liko karibu. Kwenye nguzo hiyo yameandikwa majina ya miji ya shamba na umbali wake, na katikati ya majina hayo ya nyumbani, London: maili 8,064.

Ami yangu alikuwa karani bandarini, naye ndiye aliyenisomea. Nilimuuliza nani amewahi kuzitembea maili hizo. Akanieleza kwamba ni masafa ya baharini, kwa sababu kwa mstari ulionyooka angani hazifiki hata 5,000. "Lakini mwanangu," akasema, "aliyeliandika alikuja kwa bahari, na kwa bahari alitaka kurudi." Nimelikumbuka jawabu hilo kila nilipopita Darajani. Jiwe la maili hueleza njia ya mtu aliyelisimamisha. Upande wa kaskazini hesabu iliwahi kuandikwa hata kwa chuma: reli ya maili 7 kutoka mjini hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza kazi 1905. Reli hiyo haikudumu. Gari za barabara zilichukua abiria wake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, na mwaka uliofuata ukaanza ugawaji wa eka tatu tatu. Nawakumbuka wapimaji wakiburura cheni kwenye makuti makavu. Mmoja wao alikuwa na subira na watoto, akatuonyesha pete za cheni na kutupa hesabu ambayo sijaisahau: cheni moja ni futi 66, cheni 80 zinafanya maili, na eka ni cheni 10 za mraba. Nilishangaa, na bado nashangaa, kwamba mnyororo uliopima umbali wetu na mjini ndio huo huo uliopima kila familia itakula wapi.

Mipaka ya kale kwetu haikuwa ya mnyororo. Ilikuwa miti: safu ya mibono, mnazi uliokatwa alama, mwembe ambao kila mzee alijua nani aliupanda. Na kwa kuwa kisiwani mtu aliweza kumiliki mikarafuu au minazi iliyosimama kwenye ardhi ya mwingine, mpaka ulikaa zaidi kwenye kumbukumbu za watu kuliko kwenye udongo. Eka tatu zilikuja na mawe ya pembe. Babu yangu mzaa baba alipopata zake hakuridhika na jiwe tupu. Alichimba kila pembe urefu wa mkono, akamimina makaa na vigae vya vyungu, akafukia, ndipo akasimamisha jiwe juu yake. Tulimuuliza kwa nini. Akasema mti hukatwa na jiwe hubebwa, lakini makaa hayaozi na hakuna anayekumbuka kuyaiba.

Masika moja jiwe la pembe ya chini lilionekana limesogea, na mihogo ya jirani imesogea pamoja nalo. Hapakuwa na matusi. Babu alikwenda kwa sheha, na sheha akawaita wazee, akamwita na mwalimu wa chuo chetu. Mwalimu hakumtaja mtu. Alitukumbusha mafundisho ya Mtume kwamba amelaaniwa anayebadilisha alama za ardhi, na kwamba atakayedhulumu ardhi, hata shubiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Kisha Babu akaomba jembe. Walichimba mahali alipoonyesha, sisi watoto tumebanana nyuma ya miguu ya wazee, na udongo mwekundu ulipofunguka tukayaona makaa, meusi kama yaliyozimwa jana, na kigae chenye mistari ya chungu cha Bibi. Jirani mwenyewe ndiye aliyelibeba jiwe na kulirudisha. Jioni ile alikula kwetu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu kuamini mpaka usio na kitu chini yake. Nilipofundishwa shuleni juu ya mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, yaliyompa Sultani visiwa na ukanda wa bara wenye upana wa maili 10, kutoka Tungi hadi Kipini, niliwaza nani aliufukia makaa. Zilikuwa maili za baharini, kila moja mita 1,852, ndefu kuliko maili za barabara yetu, na zilipimwa kwa kalamu kwenye meza za Ulaya. Wajerumani waliununua upande wao 1890. Upande wa Kenya ulibaki wa Sultani kwa jina mpaka 1963. Watu wa Vanga na wa Malindi waliishi ndani ya mstari ambao wengi wao hawakuwahi kuuona umesimamishwa popote.

Mawe ya njia ya Chwaka yameondoka bila kesi. Nchi iliingia kwenye kilomita, chokaa ikakoma, kisha barabara ikapanuliwa. Mengine yalisukumwa mitaroni pamoja na visiki. Jina limedumu kuliko jiwe: upande wa Mwanakwerekwe na Fuoni, Meli Nne, yaani maili nne, ni mtaa mkubwa wenye soko na skuli, na vijana wake hulitaja jina hilo mara kumi kwa siku. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na nafurahi kwamba unatunzwa. Lakini urithi wa shamba nao ni urithi. Nguzo ya Darajani bila mawe yake ya shamba ni mzazi aliyefiwa na watoto.

Sitaki yaliyosalia yapelekwe makumbusho. Siwa au jiwe la kaburi laweza kueleza habari zake likiwa ndani ya kabati la kioo, lakini jiwe la maili lina jambo moja tu la kusema, nalo ni kweli mahali pamoja tu duniani. Likisogezwa hatua mia, limeshasema uongo. Wahandisi wa barabara wana vifaa vya kupima mpaka sentimita. Ninachowaomba ni kwamba kabla tingatinga halijafika, jiwe lipigwe picha, nukta yake iandikwe, ling'olewe kwa taratibu, na lami ikishakauka lirudishwe kwenye mstari wake ule ule, pembeni kidogo.

Nimeanza kuandika orodha pamoja na wazee wa Koani na Dunga: jiwe gani lilikuwa wapi, liliitwaje, mti gani ulikuwa jirani. Mzambarau umekatwa, lakini watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wamenionyesha mahali pamoja. Jiwe lake tumelipata. Ni ngazi ya mlangoni kwa bibi mmoja. Mumewe, Mungu amrehemu, aliliokota mtaroni walipopanua njia, na tarakimu zimeelekea chini. Nilimwomba alitoe. Akaniuliza linakwenda wapi, nikamjibu linarudi njiani. Akafikiri, akasema atalitoa, ila kwanza nimwonyeshe shimo lake.