Kilwa Kwanza, Unguja Baadaye: Maandalio ya Safari Yetu ya Kwanza Nje ya Kenya

Jirani yangu mmoja, mkulima wa kahawa kama mimi hapa Nyeri, alishangaa sana aliposikia jinsi tunavyokusudia kutumia akiba yetu. "Mzee mwenzangu," akasema, "mtu akiweka fedha miaka mitatu huenda Dubai akaona majumba marefu. Nawe wataka kwenda kutazama majumba yaliyobomoka!" Nilicheka, wala sikumjibu siku ile. Namjibu leo katika ukurasa huu, kwa maana najua wako wasomaji wengine, makarani waliostaafu na wakulima waliokwisha kusomesha watoto wao, ambao hawajavuka mpaka wa nchi hii hata mara moja. Wangependa kuvuka, walakini hawajui waanzie wapi.

Tamaa hii ilinishika zamani, nilipokuwa karani kijana huko Malindi. Jumapili moja nilipanda baiskeli nikaenda Gedi. Nilikuta msitu, na ndani ya msitu ukuta, na ndani ya ukuta mji mzima: msikiti mkubwa, jumba la mfalme, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Nilikuwa nimefundishwa shuleni kana kwamba pwani yetu haikuwa na mambo ya kuandikwa kabla ya kuja Wareno. Nilikaa juu ya jiwe mpaka jua likaanza kushuka. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani pale akaniambia, "Mwanangu, ukiona huu ni mji, hujaona Kilwa." Neno hilo sikulisahau.

Basi Kilwa ndiyo iliyokuwa mzizi wa safari yetu. Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kusini mwa Tanzania, mbele ya mji wa Kilwa Masoko, na zamani wafalme wake walitawala biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, katika nchi iitwayo Msumbiji leo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331 akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona. Mfalme wa siku hizo, al-Hasan bin Sulaiman, alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib, maana yake baba wa vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake. Ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Sarafu za shaba zenye jina la mfalme huyo zilitembea mbali: moja ilionekana katika magofu ya Great Zimbabwe. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu 5 za Kilwa katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Zilifikaje huko? Hapana ajuaye. Nilipomsomea jirani yangu habari hii, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nauli ya kwenda Kilwa ni kiasi gani.

Sasa nieleze jambo lililofanya mipango hii kuwa migumu kuliko nilivyodhani. Mke wangu alipotelewa na dada yake baharini, miaka mingi iliyopita, katika chombo kilichozama. Tangu siku ile hajapanda chombo chochote cha majini. Mombasa tumekwenda mara mbili, na mara zote mbili alikataa hata kuvuka Likoni. Tulikaa upande wa kisiwa mpaka siku za kurudi zikafika. Nami, kwa upumbavu wa mtu aliyeshikwa na tamaa, niliandika mpango wa kwanza bila kumwuliza. Niliandika Unguja, Pemba, Mafia, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, pamoja na Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam. Yote kwa siku 14. Nikamwekea karatasi mezani pamoja na chai.

Aliisoma taratibu. Kisha akasema, "Baba watoto, hapa tutakwenda kuona, au tutakwenda kupita?" Akaendelea, "Tena umehesabu siku na nauli. Bahari hukuihesabu."

Sikuwa na jibu. Karatasi ile ilikaa ndani ya Biblia yake karibu mwezi mzima, nami nikaona ya kuwa safari imekwisha kabla ya kuanza. Niliwaza kwenda peke yangu, hata nikaona aibu kuwaza hivyo. Kahawa iliyolipia safari hii tumeichuma wote wawili, na kusema kweli mikono yake ni myepesi kuliko yangu. Jioni moja akaitoa karatasi mwenyewe, akachukua kalamu. "Nipange mimi," akasema. "Anza na magofu ambayo mtu huyafikia kwa miguu. Halafu maji kidogo. Tukimaliza maji kidogo, tutaona." Mpango nitakaoueleza sasa ni wake kuliko wangu.

Kwanza, majira. Mkulima hawezi kusafiri akauacha mti wenye matunda mekundu. Kwetu uchumaji mkubwa ni kati ya Oktoba na Desemba, na bahati mbaya Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya tanga mbili, wakati pepo zinapobadilishana na bahari hutulia. Juni na Julai kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa. Miezi hiyo tuliifuta mara moja. Machi mpaka Mei ni masika. Tukabaki na Februari. Kaskazi inavuma lakini si kali kama kusi, barabara ni kavu, na kahawa imekwisha kwenda kiwandani. Joto litakuwa kali kwa watu wa milimani, nalo tumelikubali. Mwenye kusafiri atazame kalenda ya Kiislamu pia, maana katika mwezi wa Ramadhani mgeni asitazamie kupata chakula mchana kwa wepesi katika miji ya pwani, wala haifai kula mbele ya watu waliofunga.

Pili, karatasi. Raia wa Kenya hatakiwi viza kuingia Tanzania, lakini yafaa awe na pasipoti. Yangu niliipata bila taabu. Ya mke wangu ilichelewa, kwa kuwa jina lake katika kitambulisho liliandikwa kwa herufi moja isiyolingana na cheti chake cha kuzaliwa. Kosa la karani mmoja wa miaka ile, nami niliyekuwa karani maisha yangu yote nilitahayari kwa niaba yake. Ilitubidi kwenda kuapa mbele ya wakili, kisha kuanza upya. Wiki 7 zilipotea. Kwa hiyo nawasihi wasomaji: tazameni herufi za majina yenu leo, hata kama safari ni ya mwaka ujao. Tena msisahau sindano ya homa ya manjano, angalau siku 10 kabla ya kuondoka, kwa maana cheti chake hakihesabiwi kuwa halali mpaka siku hizo zipite. Sindano hiyo moja yatosha kwa maisha yote. Malaria nayo isidharauliwe na mtu aliyezoea baridi ya Mlima Kenya.

Tatu, njia. Tutashuka Nairobi, tutapanda gari moshi mpaka Mombasa, na kutoka hapo kwa basi kupitia Lunga Lunga mpaka Tanga. Kutoka Mombasa kwenda kusini lazima mtu apite Likoni, au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu yenye madaraja marefu juu ya maji. Mke wangu amechagua madaraja. Tutakodi teksi itupitishe huko mpaka tulipate basi ng'ambo ya pili. Gharama itazidi, na nimeiandika bila kunung'unika.

Kusini ya Tanga, mwendo mfupi kwa gari, yako magofu ya Tongoni: msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo ndefu kama tulizoziona Gedi. Vasco da Gama alipita katika maji hayo mwaka 1498, na mwaka uliofuata, akirudi kutoka Bara Hindi, alichoma moto merikebu yake moja, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuiendesha. Baada ya hapo ni Bagamoyo, na karibu yake magofu ya Kaole. Mahali hapa pote pawili bahari iko karibu. Waweza kuitazama ukiwa umesimama juu ya udongo. Mke wangu aliweka siku 2 kila mahali, mimi ningaliweka moja. Nadhani naelewa sababu, wala sikumwuliza.

Kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa Masoko ni kama kilometa 300 kwa basi, kwa kupita juu ya mto Rufiji. Kabla ya kufunguliwa kwa daraja la Mkapa mwaka 2003, mto huo ulivukwa kwa pantoni, na katika mvua nyingi watu wa kusini waliweza kukaa ukingoni siku kadhaa wakingoja. Tukifika Masoko tutachukua kibali katika ofisi ya serikali na kupewa kiongozi, kwa maana mtu haruhusiwi kwenda kisiwani kutembeatembea peke yake. Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani ni kama kilometa 2 tu, nao umekingwa na kisiwa chenyewe dhidi ya mawimbi makubwa. Haya ndiyo "maji kidogo" aliyoyataka. Nimepiga simu huko, nikahakikishiwa kuwa majaketi ya kuokolea yapo. Hata hivyo tumenunua mawili ya kwetu wenyewe Nairobi. Jirani akatuona tukiyajaribu uani, akadhani tumepata wazimu.

Kisiwani nataka kuona mengi. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ilijengwa karibu na karne ya 11 au 12, na ile kubwa yenye makuba iliongezwa katika karne ya 14. Jumba la Makutani. Gereza pia, ngome ambayo Wareno waliianza walipouteka mji mwaka 1505. Waliondoka mwaka 1512, na Waarabu wa Oman waliijenga upya baadaye sana. Yote hayo ni mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa papo hapo na boriti za mikoko, vitu ambavyo fundi yeyote wa pwani anavijua hata leo. Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Mwaka 2004 vikatiwa katika orodha ya mahali penye hatari, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ukingo na mizizi ikipasua kuta. Kazi kubwa ya kutengeneza ilifanywa, vikaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Mgeni naye atoe msaada wake kwa kutopanda juu ya kuta. Na akumbuke kuwa kisiwa kina wenyewe. Watu wanalima, wanavua na kuswali huko. Hodi na shikamoo hupiganishwa kwanza, picha baadaye. Sisi wa bara twasema "nipe maji", tukidhani tumesema vizuri. Huko husemwa "naomba maji", nasi tumeanza kujizoeza nyumbani, hata wajukuu wanatucheka.

Songo Mnara ni mbali zaidi, safari ya zaidi ya saa moja kwa mashua ya mashine, nayo ina nyumba za watu wakubwa wa karne ya 14 na 15 ambazo kuta na milango yake bado imesimama. Hakuna gati: mtu hushuka majini akatembea kwa miguu mpaka nchi kavu. Siku za bamvua maji hupwa mbali sana, kwa hiyo nimechagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Nimemweleza mke wangu haya yote. Akaniuliza maji yatafika wapi. Nikamwambia magotini, pengine mapajani. "Nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akaandika: Songo Mnara, siku 1.

Pemba imefutwa. Mafia imefutwa, nami nasikitika, kwa maana katika kisiwa cha Juani yako magofu ya Kua, na majira ya kaskazi papa wakubwa waitwao potwe, wasiomdhuru mtu, huja karibu na Kilindoni. Lakini maji yake ni mengi, na siku zetu ni 17 tu.

Imebaki Unguja. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa saa 2 hivi kwa meli ya kasi. Mimi nataka kuona Mji Mkongwe, na msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake ilianguka mwaka 2020, na hilo ningependa kulisimamia mbele hata kama ni kwa nje tu. Mke wangu anataka kitu kimoja: kanisa la Mkunazini, lililojengwa juu ya mahali pa soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Alisoma habari zake katika darasa la kipaimara akiwa msichana, yeye na dada yake.

Tumegawa akiba yetu, shilingi 140,000, katika bahasha tatu: ya kwenda na kurudi, ya kula na kulala, na ya dharura. Bahasha ya nne, ndogo, ina nauli ya Unguja ya watu wawili. Tiketi haijanunuliwa. Mke wangu ameishika bahasha hiyo yeye, na amesema nisimwulize neno juu yake mpaka tutakaporudi Masoko kutoka Songo Mnara, nguo zikiwa zimekauka.