Mkono wa Rubani, Mizani ya Fundi

Nilipoajiriwa kama fundi East African Airways, Embakasi jijini Nairobi, Super VC10 ya kwanza ya shirika ilikuwa imeshawasili, mwaka 1966, nasi bado tulikuwa tunazihudumia Dakota za tangu enzi za vita. Ndege hizo mbili zilinifundisha kwamba kinachohisiwa na mkono kinaweza kupimwa.

Katika Dakota, usukani uliungwa na mkia kwa kebo za chuma. Upepo ulioupiga mkia ulimfikia rubani mkononi: kadiri ndege ilivyokwenda kasi, ndivyo usukani ulivyokuwa mzito. Kwenye VC10 kazi hiyo ilifanywa na mitambo ya haidroli, na upepo haukurudi mkononi. Rubani angeweza kuvuta kupita kiasi asijue. Kwa hiyo watengenezaji walitia kifaa cha kumpa ule uzito kwa makusudi.

Rubani akiandika kwamba usukani ni mzito, tulitoa mizani ya springi. Mmoja aliifunga kwenye usukani na kuvuta taratibu. Mwingine aliandika ratili: unapoanza kusogea, unapokwenda, unaporudi. Pengo kati ya kwenda na kurudi lilifichua msuguano, pengine kapi lililokauka au kebo iliyokazwa mno. Fundi mkuu wetu hakukubali neno "mzito" peke yake. Mkono wa asubuhi, alisema, si mkono wa jioni. Andika namba ili mwenzako wa zamu ya usiku ajue ulichohisi.

Ni yeye pia aliyetusimulia, ili tuone jinsi mkono unavyoweza kudanganyika, habari za Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia wa jeshi la Marekani. Mwaka 1943 aliona marubani wa ndege za B-17 wakikunja magurudumu baada ya kutua, kwa kuwa swichi ya magurudumu ilifanana na ya flapu iliyokuwa kando yake. Ya magurudumu akaibandika kigurudumu cha mpira, ya flapu kipande chenye umbo la kabari, vidole vitambue bila macho.

Shirika lilipovunjika mwaka 1977, mafundi tulitawanyika Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe. Niliwafundisha vijana wengi baadaye, na somo la kwanza lilikuwa hilo la mizani. Rubani huikabidhi ndege maisha ya abiria kupitia viganja vyake. Fundi anayekisia uzito wa usukani hajamtendea haki.