Niliyoyaona Katika Nyika ya Simanjiro

Tangu utoto wangu hapa Arusha nimeiona Nyika ya Wamasai kwa mbali tu. Ukisimama mahali palipoinuka na kutazama kusini, nchi inashuka polepole, rangi yake huwa ya kijani, kisha ya majivu, na mwisho huchanganyika na mbingu. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mvua ya huko ni haba na kwamba wenyeji wake ni wafugaji wanaohamahama. Nilifaulu mtihani kwa maneno hayo mawili. Mwaka huu nimekwenda mwenyewe, nikatambua kwamba nilikuwa sijui kitu.

Safari yenyewe haikuanza kwa ajili ya matembezi. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ni mfanyabiashara wa nafaka. Alinijia na habari njema: zipo ekari thelathini za kukodi katika uwanda wa Simanjiro, ardhi isiyo na kisiki wala jiwe, inangoja trekta tu. Nikitoa akiba yangu, tutapanda maharagwe pamoja. Akiba hiyo nimeiweka kidogo kidogo kwa miaka sita kutoka katika mshahara wa karani, ili nijenge nyumba. Nikamwambia, “Shemeji, sitoi hata shilingi kabla sijaikanyaga ardhi hiyo.”

Basi tukapanda gari asubuhi mapema, tukapita Oljoro, tukashika njia ya vumbi kwenda Terrat. Ilikuwa mwezi wa Machi, na mvua kidogo ilikuwa imekwisha kunyesha. Nyuma yetu Mlima Meru ulionekana wazi, upande wa magharibi mlima Lolkisale ulisimama peke yake kama mlinzi. Kadiri tulivyoendelea, migunga ilipungua, hata tukatokea mahali ambapo jicho halipati kitu cha kushika ila majani na upepo.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja anayefahamiana na shemeji kwa biashara ya mbuzi. Watoto wa boma walitujia mmoja mmoja, wakainamisha vichwa, nasi tukawagusa utosini kwa kiganja, kama ilivyo desturi ya kumsalimu mkubwa. Mama wa nyumba alitupa maziwa katika kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, yakawa na harufu nzuri ya moshi. Niliambiwa kwamba nyumba ile aliijenga yeye mwenyewe kwa fito, udongo na samadi, maana kwao kujenga nyumba ni kazi ya mwanamke. Nikajifikiria mimi na miaka yangu sita ya kutafuta bati, nikanyamaza.

Siku ya pili kabla jua halijawa kali, mzee alitupeleka uwandani. Jamani, sitasahau! Nyumbu na punda milia walikuwa wametapakaa mpaka upeo wa macho, na kati yao ndama wa nyumbu wenye rangi ya kahawia hafifu, wakikimbia kandokando ya mama zao. Wakati wa kiangazi wanyama hawa hukaa karibu na mto katika Hifadhi ya Tarangire. Mvua zikianza hutoka, wakaja huku kuzaa, maana majani mafupi ya uwanda huu yana madini ambayo mama anyonyeshaye anayahitaji, na katika nchi iliyo wazi simba huonekana kwa mbali.

Nikauliza, “Mzee, mbona sioni ng'ombe hata mmoja?” Akacheka. Alinieleza kwamba ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa usiomdhuru yeye, lakini ukimfikia ng'ombe humwua, wala hakuna dawa. Kwa hiyo nyumbu wakizaa, Wamasai huwaondoa ng'ombe uwandani mpaka ndama wale wabadili rangi. Kumbe kuhamahama si kutangatanga! Kila kundi lina zamu yake, na kila malisho yana majira yake. Karibu na maboma kuna hata malisho yaliyowekwa akiba, yaitwayo alalili, ambayo hayaguswi ila kwa ndama na ng'ombe wagonjwa.

Mchana tukafika kwenye zile ekari. Shemeji alipiga hatua akizihesabu, uso wake umejaa furaha. Mzee hakusema neno. Alituongoza mwendo wa robo saa mpaka kwenye kipande kingine, kilicholimwa zamani na mtu wa mjini. Mvua ilimkosa misimu miwili, akaondoka asirudi tena. Matuta yalikuwa yangali yanaonekana, lakini majani yale mafupi hayakuwapo. Palijaa magugu ambayo wala ng'ombe wala punda milia hayali.

Usiku ule, tukiwa tumekaa nje ya boma, mzee alitusimulia habari za ukame wa mwaka 2021 na 2022, ambao uliua makumi ya maelfu ya mifugo katika Wilaya ya Simanjiro. “Nilikuwa na ng'ombe mia na kumi,” alisema. “Walibaki thelathini na wanne. Walisimama kwa kushikwa mikia, mwanangu. Na hao waliobaki walipona kwa sababu njia ilikuwa wazi, wakafika penye majani. Ekari zile mnazozitaka ziko juu ya njia ile.”

Shemeji akamjibu kwa heshima, lakini kwa ukali kidogo: “Mzee, mbona mwanao naye analima?” Mzee akakubali. “Analima ekari nne kando ya boma, mahindi na maharagwe, wala simkatazi, maana maziwa ya ng'ombe thelathini hayatoshi watu wote hawa. Lakini hakulima njiani.”

Alitueleza pia kwamba mwaka 1970, Tarangire ilipofanywa hifadhi ya taifa, walipoteza maji waliyoyategemea wakati wa kiangazi, na ndiyo sababu wanaogopa kupoteza na uwanda. Miaka kadhaa iliyopita kijiji cha Terrat kilipatana na makampuni ya utalii: kijiji kisilime katika sehemu ya uwanda, ila kichunge tu, nayo makampuni yalipe kijiji fedha kila mwaka. Vilevile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawezesha kundi zima kupata hati ya haki ya kimila. Nikamwuliza shemeji kama mkutano wa kijiji ulikubali ekari zetu zikodishwe. Alitazama moto, akasema kwamba yeye aliongea na mtu mmoja tu.

Siku ya tatu tukarudi. Shemeji hakusema nami mpaka Oljoro, kisha akasema, “Umeniaibisha kwa ajili ya majani.” Sikuwa na jibu zuri. Fedha zangu zingali mahali pake, nyumba haijaanza, na mke wangu anatuona sote wawili wakaidi. Lakini kila nikikumbuka ng'ombe wanaosimama kwa kushikwa mikia, siwezi kuziweka trekta na akiba yangu katika njia yao.

Ikiwa nanyi mnataka kuiona nchi hii, nendeni. Si mbali wala si ya wageni wa Ulaya peke yao. Anzieni katika ofisi ya kijiji, mkaeleze mlikotoka na shabaha yenu. Msipige mtu picha kabla ya kumwomba. Chukueni maji yenu, maana maji ya boma yamechotwa mbali, na chukueni sukari na majani ya chai kwa mama mwenye nyumba. Mkiona uwanda hauna ng'ombe, msidhani ni ardhi isiyo na mwenyewe. Ulizeni kwanza ni zamu ya nani.