Majani Kumi na Mawili

Tanga, Jumamosi 8 Machi 2025
Mstafeli wa nyuma ya banda la kuku umezaa. Nimechuma moja lililolainika, nikaliponda kwenye chujio mpaka zikabaki mbegu nyeusi tupu. Juisi ya futari. Mama hakuigusa, ana sufuria yake, majani ya mti huo huo, kayachemsha mpaka yamefanana na chai ya rangi. "Ya presha, mwanangu. Na sukari." Jirani kamwambia majani saba. Nimehesabu sufuriani: kumi na mawili.

Jumatatu 10 Machi
Mama kashikwa na kizunguzungu kwenye tarawehe, wenzake wakamdaka. Nimempima: 92 kwa 58. Vidonge anameza wakati wa daku, majani anakunywa baada ya futari. Funga, vidonge, majani: sijui nilaumu kipi.

Jumatano 12 Machi
Zahanati. Daktari hakumcheka. "Bibi, majani hayo yanaweza kushusha presha na sukari. Ukiyaweka juu ya vidonge, unajizidishia dozi." Akamkumbusha kuwa mgonjwa karuhusiwa kula. Mama akauliza kuhusu saratani, maana mtaani ndiyo sifa kubwa ya majani hayo. Kumbe maabarani yameua seli za saratani; kwa wagonjwa hilo halijathibitishwa.

Usiku nimesoma. Mti huu una sumu ya neva iitwayo anonasini, kwenye mbegu, majani, hata nyama ya tunda. Kisiwani Guadeloupe, huko Karibi, mwaka 1999 madaktari waliripoti wagonjwa waliokakamaa na kuangukaanguka mfano wa ugonjwa wa Pakinsoni, na dawa za kawaida hazikuwasaidia. Wengi walikuwa wanywaji wa chai ya majani haya na walaji wa stafeli. Haijathibitika kuwa ndiyo sababu, lakini usingizi umeniruka.

Ijumaa 14 Machi
Shangazi kaja kuomba mbegu, asage awaue chawa wa wajukuu. Nimemnyima: unga ule ukiingia jichoni unalijeruhi vibaya.

Mama kasikia, kanuna. "Marehemu baba yako kala stafeli maisha yake yote."
"Alikula tunda, Mama, tena msimu kwa msimu. Hakuchemsha majani kila siku."

Kimya. Baadaye kaomba juisi, nusu glasi, bila sukari. Sufuria nimeikuta imeoshwa. Majani aliyoyaanika kwenye ungo bado yapo: thelathini na moja.

Kesho nitayahesabu tena.